Doa Jeupe Ubavuni

Saa ya desen ni saa ya mwisho ya Ijumaa. Desen ndiyo kuchora, lakini kwenye ratiba ya shule yetu limeandikwa hilo neno la Kifaransa, na penseli iliyoliandika inaonekana ilishikwa na mtu mwenye haraka. Saa hiyo wanafunzi wana njaa, jua limehamia upande wa madirisha yasiyo na pazia, na mwalimu wa hesabu amekwisha kuwaacha na vichwa vinavyouma. Halafu naingia mimi. Na kama kuna mwenzangu hajamaliza kusahihisha au kuuliza maswali yake ya wiki, ananigongea mlango na kutabasamu: "Madamu, unisaidie hii saa yako. Si munachora tu?"

Ndiyo, tunachora tu. Nimezeeka nikichora tu.

Lakini mwalimu wa biolojia akitaka moyo wa mtu kwenye karatasi kubwa, na mishipa yake yote, myekundu na ya bluu, anamtafuta nani? Ramani ya Kongo iliyo ukutani mwa darasa la nne, na mito yake, nani aliipaka akiwa amesimama juu ya meza mbovu? Hata yale maneno ya kuwakataza watu kukojoa nyuma ya ukuta wa shule ni mkono wangu, herufi zimenyooka vizuri, na watu wanaendelea kukojoa. Siku hizo naitwa artisti. Ikifika Ijumaa narudi kuwa yule mama wa saa ambayo mtu yeyote anaweza kuiomba.

Sina hasira. Nasema uongo, nina hasira, ila imechoka pamoja na mimi.

Vifaa ni hivi. Penseli laini zinatoka Uganda kupitia Mahagi, na barabara ya Mahagi ina siku zake. Ikifungwa, madukani zinabaki kalamu za bik tu, na bik haichori kivuli. Kwa hiyo tunachora kwa mkaa wa jikoni, makala tunavyouita sisi. Kila mwanafunzi anachagua vipande vyembamba nyumbani kabla mama yake hajawasha moto. Karatasi ni migongo ya kalenda zilizokwisha. Kalenda za Bunia ni nzuri sana kwa mgongo: nyeupe, ngumu, kubwa. Kila mwanzo wa mwaka natangaza darasani kwamba mtu asithubutu kuchana kalenda ya zamani wala kufungia nayo maandazi ya beignets, na kila mwaka wazazi wengine wanadhani tumeanzisha dini mpya.

Na nina sharti moja. Usichore unachokijua, chora unachokiona. Wanafunzi wanafika kwangu wakiwa vijana wakubwa, wengine wana ndevu, na ukiwaambia wachore nyumba wanakuchorea ile ile: mlango katikati, madirisha mawili, jua lenye miale pembeni, njia inayopinda hadi chini ya karatasi. Nauliza, nyumba kama hii iko wapi hapa Bunia? Wanacheka. Mwaka mmoja niliwapa ng'ombe. Mama wee! Waliniletea mbuzi wakubwa. Waliniletea ng'ombe mwenye kiwele katikati ya miguu ya mbele, ng'ombe mwenye pembe juu ya pua, ng'ombe anayecheka.

"Niyi ni batoto ya Ituri!" niliwapigia kelele. "Ng'ombe anapita hapa mbele ya lango kila asubuhi akienda kuchinjwa, na hamujui pembe inatokea wapi? Muende muangalie. Musimame, muangalie. Ndiyo murudi na kunichorea."

Msichana mmoja peke yake hakucheka. Alikuwa wa mwaka wa tano, amekuja katikati ya mwaka, akiletwa na mama yake mdogo anayeuza maharage sokoni Nyakasanza. Walitoka Djugu, kwenye kilima ambacho sasa hakina mtu. Siku ya kumwandikisha, yule mama mdogo alinivuta pembeni akasema kwa sauti ya chini: "Madamu, mama yake alibakia kule. Alikufa. Mutoto alikuwa pale, aliona yote. Haongee sana. Usimuulize."

Nikasema sitamuuliza. Darasani kwangu wako wengi wa namna hiyo, kutoka pande zote, na kutouliza nimekufanya kuwa sehemu ya kazi yangu. Kunanichosha kuliko kazi yenyewe.

Kwa kweli hakuongea. Walimu wengine walilalamika kwamba anakaa kama mzigo uliosahauliwa, macho kwenye dawati, akiitwa anasimama na hasemi. Lakini Ijumaa, saa ya mwisho, alikuwa anainua kichwa. Niliona mwenyewe. Alikuwa anapanga vipande vyake vya makala kwa urefu, anapuliza vumbi kwenye karatasi, halafu anaangalia kitu kwa muda mrefu hadi jirani zake wanaanza kusukumana viwiko. Mama yake mdogo alinikuta sokoni siku moja akanijazia maharage kupita kipimo. "Ijumaa anaamuka mwenyewe," aliniambia. "Siku zingine namuvuta miguu. Ijumaa nakuta ameshaoga."

Kitu pekee alichowahi kuniuliza mwaka ule wote, aliniuliza nilipomaliza kelele zangu za ng'ombe. Alingoja wenzake watoke.

"Madamu, na kitu chenye mutu hawezi tena kwenda kuangalia?"

Nilikuwa nafuta ubao, mkono unaniuma, chaki imenijaa puani. "Basi ukiache," nikamjibu. "Chora chenye kiko."

Akasema ndiyo Madamu, akaenda.

Ijumaa iliyofuata alileta ng'ombe. Alikuwa amesimama barabarani asubuhi kadhaa, akachora vipande vipande kwenye karatasi za daftari, pua siku moja, kwato siku nyingine, na sasa alikuwa anaviunganisha kwenye mgongo wa kalenda. Nilisimama nyuma yake nikasahau njaa. Alikuwa ng'ombe mweusi, mzito, amegeuza kichwa kidogo kama aliyesikia mtu nyuma. Pembe zilitoka pale zinapotoka. Ngozi ya shingoni ilikunjika. Ukimwangalia unataka kusogea apite.

Halafu mvua ya saa nane ikaanza. Mabati yetu yana matundu, kila mwanafunzi anajua tundu lake na anajua kukaa mbali nalo, lakini yeye alikuwa amezama. Tone likaanguka ubavuni mwa ng'ombe, nyuma kidogo ya mguu wa mbele. Akashtuka, akalifuta kwa pindo la sketi, na makala ikatoka yote mahali pale. Likabaki doa jeupe, pana upande mmoja na jembamba upande mwingine, kama jani la kiazi kitamu. Alilitazama, akashika karatasi aichane.

Nilimshika mkono. "Acha. Ng'ombe anaweza kuwa na doa fasi yoyote. Nani atajua?"

Aliacha. Akazungushia doa mstari mwembamba ili lionekane limezaliwa pale, na kwa kweli lilikaa vizuri.

Wiki iliyofuata prefe, yaani mkuu wa shule, aliniita ofisini. Prefe wetu si mtu mbaya, amechoka tu kama sisi wote, anaongea huku akiangalia simu yake kama anayengoja habari ya kumwondoa pale. Aliniambia komite ya wazazi imelalamika. Wale wa mwaka wa sita wanashindwa hesabu kwenye mtihani wa Serikali, na wazazi wanataka saa ya desen iondolewe, darasa zote, apewe mwalimu wa hesabu. Mkutano wa wazazi ni Jumamosi. Wataamua.

"Na weye unasema nini?" nikamuuliza.

"Miye nasema nini, Madamu? Mukubwa wa komite ameshasema." Akaangalia simu tena. "Utundike kitu ukutani. Bapate kuona."

Msinielewe vibaya, kuna siku nimeomba mwenyewe ile saa ife, nirudi nyumbani mapema, nivue viatu. Lakini nilimfikiria yule msichana anayeamka mwenyewe Ijumaa, nikajua wakiiondoa atakaa kama mzigo wiki nzima, na hakuna mwalimu wa hesabu atakayemwinua. Saa moja tu ndiyo aliyokuwa nayo. Ilinikasirisha kwamba lazima niende kuiombea mbele ya watu.

Tulitundika kazi kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo, kutoka dirisha hadi dirisha. Ng'ombe nilimweka katikati.

Mkubwa wa komite alikuwa muzee mmoja mrefu, mwenye koti la kahawia na fimbo aliyoikumbatia kifuani hata akikaa. Zamani alikuwa na ng'ombe wengi. Vita vikamchukulia wote, na sasa anakaa mjini kwa mtoto wake, kwenye nyumba isiyo na hata kuku. Wajukuu zake wanasoma kwetu. Akisema neno, wazazi wengine wanatikisa kichwa kabla hajamaliza. Aliingia, akaanza kupita chini ya kamba akiangalia michoro kama mtu anayeangalia nguo za jirani.

"Sufuria," alisema. "Kiatu. Sufuria tena. Madamu, batoto banasoma, ao banakusanya vyombo?"

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, maana ningefanya nini? Halafu akafika kwa ng'ombe.

Alisimama. Akatoa fimbo kifuani akaiweka chini. Akasogea mpaka pua yake ikakaribia karatasi, akaweka kidole, bila kugusa, juu ya lile doa jeupe.

"Huyu ni wangu," alisema.

Kicheko kikafa. Akamwita ng'ombe yule kwa lugha ya kwao, jina la rangi yake, kama wanavyoita ng'ombe wao wote, kwa mweusi wake na kwa doa lake. Alirudia lile jina taratibu, kama anayeita mtu aliye nje. Kisha akageuka. "Nani amechora?"

Msichana alisimama mwisho wa darasa, pamoja na wenzake waliokuja kusaidia kupanga viti. Na kila mtu mle ndani alijua muzee anatoka upande gani wa vita, na kila mtu alijua msichana anatoka ule wa pili. Bunia hatuhitaji kuulizana. Nyuma yangu mama mmoja alinong'ona, si kwa sauti ndogo sana: "Basi bao ndiyo banajua fasi ng'ombe zilienda." Mwingine akamwambia anyamaze. Mtu akavuta kiti. Nikasogea mbele haraka, maana nimeona katika mji huu mambo makubwa yakianza na kitu kidogo kuliko doa.

"Muzee," nikaanza, "lile doa, ilikuwa tu..."

Hakunisikia. Alikuwa anamwangalia mtoto. "Ulimuona?"

Msichana alinitazama mimi, kisha yeye. Nilidhani hatasema kitu, kama kawaida yake.

"Nilimuona, muzee."

"Iko muzima?"

"Iko muzima," alisema. Sauti yake ilikuwa wazi. Nusu ya darasa walikuwa wanaisikia kwa mara ya kwanza. "Iko inakula majani. Ilipita na zingine njiani. Imenenepa."

Muzee alivuta kiti akakaa. Prefe aliweka simu mfukoni, na hilo sijawahi kuliona tena. Ilipofika zamu ya kuzungumzia saa ya desen, muzee alisema tu, "Muiache," akaokota fimbo yake, akatoka. Ikaachwa. Mwalimu wa hesabu alinipa mkono kwa ubaridi.

Nilimkamata msichana uwanjani. "Juu ya nini umesema bongo, umemudanganya muzee? Ile ni mvua. Weye na miye tunajua ni mvua."

Alikuwa anakunja pindo la sketi, lile lile. "Ameuliza kama iko muzima, Madamu," alisema.

Nikamtuma arudishe vibanio.

Mnajua mtu aliyechoka anavyofurahi: nilifurahi jioni ile moja tu. Ijumaa iliyofuata, saa ya mwisho, nilikuta muzee amekaa kwenye benchi la nyuma na koti lake, fimbo kifuani. "Endeleeni," akasema, kama yeye ndiye aliyetualika. Alikuja Ijumaa nyingine, na nyingine. Alikuwa akimwambia msichana habari za ng'ombe wake: huyu pembe yake ilianguka mbele, huyu alikuwa na masikio kama amekatwa, huyu alikataa kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa mke wa muzee. Msichana alichora. Vijana wa nyuma walianza kunyanyua shingo, halafu wakaanza kuuliza maswali, halafu darasa zima likawa linachora ng'ombe wa muzee, na mimi nazunguka katikati ya madawati nikisema pembe, pembe, angalieni pembe. Kijana mmoja mwenye ndevu aliyetoroka shule mwaka uliotangulia kwenda kuosha dhahabu kwenye migodi ya Kilo akarudi kukaa mpaka mwisho wa saa. Ningeweza kusema ulikuwa wakati mzuri. Ulikuwa mzuri, lakini kila Ijumaa nilikuwa naketi nyumbani baadaye bila kuvua viatu, kwa sababu yote yale yalisimama juu ya tone la mvua.

Halafu mtoto wa muzee, yule anayekaa naye, akanifuata langoni. Mtu mzima, mwenye pikipiki, uso umemkauka. "Madamu, baba anaamuka kila asubuhi anaenda kukaa pembeni ya barabara ya machinjio. Anaangalia ng'ombe moja moja. Tunamuuliza unatafuta nini, hajibu. Tunaogopa siku moja atashika njia ya Djugu kumutafuta yule wa kwenye karatasi. Na ile njia unaijua."

Naijua. Watu wanaoishika sasa wanaaga kwanza. Nilimwambia nitaongea naye, na usiku ule sikulala vizuri, nikijua nikimwambia ukweli atasimama mbele ya komite ile ile na kusema tulimdanganya. Saa yetu itakwenda. Na msichana ataitwa mwongo mbele ya watu wale wale, na anatoka kule anakotoka. Nikisema kweli nampoteza mtoto, nikinyamaza nampoteza muzee. Nilikasirika na mabati, na serikali, na ng'ombe wote wa dunia hii.

Ijumaa nilimwita msichana kabla ya saa yetu, wenzake wakiwa bado kwenye jiografia. Nilimweleza maneno ya mtoto wa muzee. Alisikiliza, akasema, "Nitasema miye." Nikamwambia ni kazi yangu. Akarudia, "Nitasema miye, Madamu."

Muzee alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi nje, chini ya ukuta, mahali penye kivuli. Msichana alipiga magoti kidogo kumsalimu, kama walivyofundishwa kwao, akabaki amesimama mbele yake.

"Muzee, unisamehe. Ile doa ni maji ya mvua. Ilianguka kwa mabati. Sikuona ng'ombe yako."

Niliogopa kumtazama muzee usoni. Nilitazama viatu vyake, vimejaa vumbi la barabarani.

"Najua," alisema.

Akalaza fimbo magotini.

"Mutoto yangu, yule ng'ombe balimukata mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimejificha kwa mahindi, karibu sana. Nilisikia kisu." Alikuwa anaongea bila hasira, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Najua kama alikufa. Lakini tangu ile siku hakuna mutu aliniambia kama iko inakula majani. Weye ndiye ulisema. Na unatoka kule. Nilitaka nisikie tu."

"Sasa asubuhi unatafuta nini barabarani, muzee?" nikauliza, na sauti yangu ikatoka kali kwa sababu ya woga. "Batoto yako banahangaika. Banasema utashika njia ya Djugu."

Alinishangaa kabisa. "Djugu? Nikatafute nini Djugu? Weye si ulisema batu baende kuangalia? Nimeanza kusahau miguu ya nyuma inapinda namna gani. Naenda kuangalia, ndiyo nije kumuambia huyu vizuri."

Eh, Mungu wangu. Nilikaa kwenye benchi karibu naye bila kuomba ruhusa. Nilitaka kucheka, nikaona machozi yananikaribia, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Kengele ikalia, tukaingia darasani kwenye kelele zake.

Saa ile sikuwapa kazi. Nilisema kila mtu achore anachotaka, nikaketi mezani kwangu. Mwalimu aliyechoka ndivyo anavyofundisha. Muzee alikwenda kwenye benchi lake la nyuma. Msichana alipanga makala yake kwa urefu, akapuliza karatasi, lakini hakuangalia kitu chochote. Alifumba macho. Nilitaka kumwita, nimkumbushe sharti langu, na nikaacha. Alifungua, akaanza.

Nilipozunguka, karatasi ilikuwa imeshajaa. Mwanamke amekaa juu ya kigoda kifupi, kitambaa kimefungwa nyuma ya kichwa, ungo magotini. Uso wake ulikuwa umekamilika, na ulifanana na mtu. Ulifanana na yule muuza maharage wa Nyakasanza, lakini hakuwa yeye. Dada yake, mkubwa zaidi. Mikono haikuwepo bado. Ungo ulikuwa unaelea. Nilisimama pale. Niliahidi kutouliza, na kwa miaka hii yote sijui kufanya kitu kingine.

Nyuma yangu fimbo iligonga sakafu. Muzee alikuwa amekuja. Alisogeza uso karibu na karatasi, kama alivyofanya siku ile chini ya kamba, akaangalia muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Mama yangu."

Darasa likageuka, hata yule wa Kilo. Walijua. Bunia watu wanajua. Nilimtazama muzee nikimwomba kwa macho asiendelee, na yeye hakunitazama.

"Iko muzima?" akamuuliza.

Msichana alishika kipande cha makala kwa vidole vyote.

"Iko muzima," alisema. "Iko inapepeta maharage."

Muzee alitikisa kichwa kukubali. Akavuta benchi mpaka kwenye dawati lake, akakaa, fimbo kifuani.

"Basi," alisema, "umalizie mikono."